Mwinshehe na Ndege Wasioruka

Mama Blessing ndiye aliyeleta habari kwamba mzee wa chumba cha mwisho alishakufa zamani.

Aliileta bombani, asubuhi, ndoo yake haijajaa hata nusu. Akasema wasije wakamsingizia kwamba kaitunga yeye Margareth, maana yeye kaipata Maili Moja kwa mwanamke wa Kisarawe anayeuza korosho. Mwanamke huyo alipita mtaani kwao juzi na sinia lake kichwani, akamwona mzee amekaa mlangoni anachambua mchele, akageuza njia bila kuuza hata punje. Aliapa kwamba mtu yule ni Mwinshehe, wa kijijini kwao, kwamba alikufa baharini miaka zaidi ya ishirini iliyopita, na kwamba yeye mwenyewe alikula pilau ya hitima yake.

"Pilau ya nyama ya ng'ombe," alisema mama Blessing. "Kakumbuka mpaka nyama, shoga. Mtu mwongo hakumbuki nyama."

Hamisa alikuwa na mtoto mgongoni. Alisogeza ndoo yake chini ya bomba. "Jana kaniomba chumvi," alisema.

"Unaona? Maiti anataka chumvi ya nini?"

"Ya maharage."

Mama Blessing alimtazama, akaona hatapata zaidi ya hapo, akajitwisha ndoo yake akaenda kumtafuta mwingine wa kumwambia.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba sita vinavyotazamana, nyuma ya maduka ya Kwa Mathias, Kibaha, mahali ambapo honi za mabasi ya mikoani zinaingia ndani bila kubisha hodi. Hamisa na mumewe Badru walipanga chumba cha nne. Badru alifanya kazi kiwandani Zegereni, wiki hii zamu ya mchana, wiki ijayo zamu ya usiku. Mwezi wa tatu Hamisa alijifungua mapacha. Kulwa aliishi siku tisa. Doto alibaki, na kwa kuwa majina ya mapacha hayabadilishwi kwa sababu mmoja kaondoka, aliendelea kuitwa Doto, yaani wa pili, ingawa mbele yake hapakuwa na mtu.

Watu walimsifu Hamisa kwamba kajikaza. Hakujikaza. Alikuwa kama mguu ulioingia ganzi: unauona ni wako, unaubonyeza, husikii kitu. Alinyonyesha, alifua nepi, alipika, alipokea pole za watu na kusema ahsante. Kilichobaki kikifanya kazi ndani yake ni macho. Aliona kila kitu, na kwa kuwa hakuna kilichomuuma, aliweza kukitazama kwa muda mrefu.

Ndivyo alivyomtazama mzee Mwinshehe tangu alipohamia. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mweusi wa jua, mwenye nyayo zilizochanikachanika kama mtu aliyetembea maisha yake yote juu ya chupa zilizovunjika. Kazi yake ilikuwa kuwapikia mafundi waliokuwa wakijenga maghala Zegereni. Alitoka alfajiri kwa miguu, akarudi alasiri kwa miguu. Mlango wake hakuufunga. Kuku wa mwenye nyumba waliingia humo wakapanda mpaka kitandani, na hakuwafukuza. Kila alipotaka kukanyaga alitazama kwanza chini, kama mtu anayepita chumba walicholala watoto. Na alipopika jioni aligonga kijiko mara mbili kwenye ukingo wa sufuria, halafu akatulia kidogo, kana kwamba kuna anayemngojea. Hakuna aliyekuja. Aliendelea kupika.

Ugomvi wake ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa juu ya paka wa mama Blessing. Mzee alimwomba, kwa adabu kabisa, amfunge kamba.

"Paka afungwe kamba?" aliuliza mama Blessing. "Mzee, huyu ni paka au mbuzi?"

Mzee alijibu kwamba paka ndiye aliyewamaliza wote kwenye vile visiwa vingine. Hakusema amewamaliza kina nani. Tangu siku ile mama Blessing alimweka kwenye hesabu ya watu wasio sawa, na kwa hiyo habari ya kwamba alishakufa haikumpa shida kuiamini.

Alasiri ile Hamisa alikwenda mpaka mlangoni kwa mzee. Hakwenda kwa ushujaa. Alikwenda kwa sababu alitaka kujua na hakuona la kumzuia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae, kigoda hicho."

"Mama Blessing anasema ulikufa."

Mzee hakuacha kuchambua mchele. "Nimesikia. Huyo muuza korosho namjua, ni binti wa jirani yetu. Nilimwacha mdogo, hana meno ya mbele."

"Kwa hiyo ni kweli?"

"Hitima ni kweli, ilisomwa. Kufa ndiyo sikufa."

Akamweleza, na alieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, hapa kata kushoto, pale nyooka. Mwaka tisini na tisa alipata kazi ya jikoni kwenye meli ya mizigo. Alimwacha mkewe Rukaya na mtoto wa siku arobaini, Tatu. Huko mbele, kwenye visiwa vya Shelisheli, homa ikampiga mpaka hajijui, wakamshusha hospitalini, meli ikaendelea na safari. Meli ile haikufika ilikokuwa ikienda. Walionusurika walirudi Dar es Salaam na kusema wapishi wote wamekwenda na maji, na hawakuwa waongo, kwa vile walivyojua wao.

Alipopona aliandika barua. Aliandika tatu. Nyumbani kwao hakukuwa na anwani, kwa hiyo alitumia sanduku la posta la kiwanda cha kubangua korosho alikokuwa akifanya kazi kaka yake, Shabani. Hakujua kwamba kiwanda kilishafungwa na sanduku halina mtu wa kulifungua. Alingoja jibu mwaka mzima. Alidhani wamemkasirikia. Halafu akapata kazi ya upishi kwenye kambi ya wataalamu wa wanyama, kisiwa cha mbali kabisa, ambako boti ya chakula ilifika mara chache kwa mwaka. Akaenda. Akakaa miaka ishirini na mbili.

Hamisa alimhamishia Doto paja la pili. "Kwa nini hukurudi?"

Mzee alifikiri. Alionekana kutafuta jibu la kweli, si jibu zuri.

"Kulikuwa na kazi kila siku," alisema.

Baada ya hapo Hamisa alizoea kwenda kukaa pale alasiri, na mzee akazoea kuzungumza. Hakuzungumza juu ya Kisarawe. Alizungumza juu ya ndege.

Kile kisiwa, alisema, si cha mchanga na minazi kama kwenye kalenda. Ni mwamba mtupu, wenye ncha kama misumari, na vichaka vigumu vimejishika humo. Maji ya kunywa ni ya mvua. Wenyeji wake ni kobe wakubwa ambao mtu mzima hawezi kumwinua mmoja, na kaa, na huyo ndege. Umbo lake ni kama mtetea mchanga asiyeanza kutaga, miguu mirefu, kichwa na kifua rangi ya udongo mwekundu wa Pugu, na chini ya kidevu ana weupe, kama mtu aliyekunywa maziwa akasahau kujifuta. Ana mabawa, lakini mafupi. Akitishwa anayapiga, anaruka kimo cha meza, anashuka. Zaidi ya hapo hana.

"Ni kilema?" aliuliza Hamisa.

"Si kilema. Mababu zake waliruka, ndivyo walivyofika. Walipofika hawakukuta wa kuwakimbiza. Hakuna nyoka, hakuna paka, hakuna kenge. Chakula kiko chini, kwenye majani. Sasa uruke uende wapi?"

Siku ya kwanza alipopika kambini alisikia mtu nyuma yake. Akageuka, akamkuta ndege huyo amesimama kwenye kizingiti cha jiko anamtazama viatu. Hakuogopa. Aliingia akadonoa kamba za viatu akaona hazifai, akaenda kwenye ndoo ya maganda. Kesho yake alikuja na mke wake. Mwinshehe aligundua kwamba ukigonga jiwe kwa jiwe, au kijiko kwenye sufuria, wanatoka vichakani mbio kuja kutazama kuna nini. Wataalamu walifanya hivyo walipotaka kuwahesabu. Yeye alifanya hivyo kwa sababu alikuwa peke yake jikoni.

Miaka ilipokwenda alijua mambo yao kuliko baadhi ya waliokuja na vitabu. Alijua kumtofautisha dume na jike kwenye mzizi wa mdomo, dume mwekundu wa kukolea, jike wa waridi. Alijua kwamba wakishaoana kila jozi ina mtaa wake na mpaka wake, na jozi nyingine ikiuvuka kuna ugomvi wa kusukumana vifua. Asubuhi na jioni mume na mke husimama wakitazamana, wakanyoosha shingo, wakaimba, mmoja anaanza na mwingine anamalizia, kwa mluzi mkali unaosikika mpaka ng'ambo. Wanapotafuta chakula hawachakuri kwa miguu kama kuku, wanashika jani kwa mdomo na kulitupa pembeni, jani moja, jingine, jingine, kama mwanamke anayechambua mboga. Wanamfuata kobe anapotembea, kwa sababu kobe akisogeza majani wadudu wanatoka. Mvua zikianza wanajenga kiota kwenye shimo la mwamba, mayai mawili, matatu, na wanalalia kwa zamu, mume saa zake, mke saa zake. Vifaranga wanatoka weusi tititi, na hawakai kiotani. Siku ile ile au ya pili wanaanza kutembea nyuma ya wazazi.

Hamisa alisikiliza kama anavyosikiliza redio ya jirani. Lakini mambo yale yalimbakia. Wiki za zamu ya usiku alimhadithia mumewe asubuhi anaporudi, naye Badru, macho mazito, aliuliza kama ndege huyo analiwa.

Siku moja alimuuliza mzee: vifaranga wote wanakua?

"Hapana," alisema mzee. "Kaa anawachukua. Kuna jozi moja ilikuwa na makazi nyuma ya jiko langu. Walikuwa na wawili. Kaa akachukua mmoja, mchana, mimi naona, nina mwiko mkononi."

"Wakafanyaje?"

"Walimwita. Walizunguka pale pale siku hiyo yote na nusu ya siku ya pili. Halafu wakaendelea kupindua majani. Yule mwingine alikuwa na njaa."

"Hawakulia?"

"Ndege halii, mwanangu. Anaita tu. Asipoitikiwa ananyamaza."

Hamisa alitazama kichwa cha Doto, mahali panapopumua utosini. Alifikiri kwamba hapo angelia. Alingoja. Hakulia. Aliaga akaenda kuwasha jiko.

Mvua za vuli zilipokaribia muuza korosho alirudi. Safari hii alikuja kwa makusudi, na mama Blessing nyuma yake, na Blessing nyuma ya mama yake. Alisimama mbali kidogo na mlango wa mzee, akamrushia korosho moja. Mzee aliidaka, akaipuliza, akaila.

"Ahsante, Hadija," alisema. "Mama yako hajambo?"

Muuza korosho alivuta pumzi kwa nguvu. Kisha akakaa chini pale pale na sinia lake, akasema mama alishafariki, na watu wa nyumbani kwao wengi wamekwisha, na kama yeye ni Mwinshehe kweli basi ajue kwamba binti yake, Tatu, anaolewa Ijumaa ijayo baada ya sala, na ami yake ndiye atakayemwoza. Alisema kama mtu anayeweka mtego. Mzee hakunaswa na chochote. Aliuliza mume ni nani. Akaambiwa ni mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa Maneromango, watu wao ni wazuri. Akauliza Rukaya hajambo. Akaambiwa hajambo, ana watoto wanne na yule mume wake wa pili. Alishukuru. Alinunua korosho. Akamwomba Hadija jambo hili liishie hapo, na Hadija akaahidi, na mama Blessing naye akaahidi, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea.

Jioni ile mzee hakupika. Kijiko hakikugonga sufuria, na Hamisa, aliyekuwa akikuna nazi, alijikuta ameinua kichwa kusikiliza.

Kesho yake mzee alimweleza shida ilipo. Alirudi mwaka elfu mbili ishirini na mbili, kambi ilipomwachisha kazi kwa sababu ya umri na magoti. Alishuka bandarini, akaenda moja kwa moja Kisarawe. Pale stendi alimuuliza kijana wa bodaboda kama anaijua nyumba ya kina Mwinshehe. Kijana akamuuliza, nyumba ya marehemu Mwinshehe? Akasema ndiyo, hiyo hiyo. Akapelekwa mpaka kwenye mikorosho, akatembea iliyobaki. Alimwona Rukaya anaanika nguo, amenenepa kidogo, mtoto kashika kanga yake. Mwanamume alitoka ndani akamwambia mtoto amwachie mama afanye kazi, akamnyanyua akamweka begani. Mwinshehe alisimama muda wa kutosha kuona kamba ya nguo imejaa. Kisha akarudi stendi, akapita njia ya Kiluvya, akaja kupanga Kibaha, ambako hakuna anayemjua. Pale stendi yule kijana wa bodaboda alikuwa amemuuliza kama amekwenda kutoa rambirambi. Akasema ndiyo.

"Rukaya alikaa eda yangu yote, miezi minne na siku kumi," alisema. "Kabla ya hapo alinisubiri miaka minne, ndipo hitima ikasomwa. Hana kosa. Hakuna mwenye kosa. Walinilia, wakanisomea, wakagawa shamba, wakaendelea. Mimi hilo nililiacha."

"Sasa?"

"Sasa Tatu." Alikuwa ameweka mikono yake yote miwili juu ya magoti. "Baba yupo hai, ami hana ruhusa ya kuoza mpaka apewe na baba. Akioza bila kupewa, ndoa ina ufa tangu siku ya kwanza. Wao hawatajua. Watazaa, watalea. Mimi nitakuwa najua kila siku."

"Si uende ukaoze mwenyewe?"

"Nikatokee mbele ya watu, Rukaya yupo jikoni, mumewe anapokea wageni? Nitakuwa nimeivunja ya mama ili niisimamishe ya mtoto."

Siku tatu alizunguka na jambo hilo. Alikwenda kazini akarudi, mafundi wakalalamika kwamba ugali umekuwa mbichi. Hamisa alimwona jinsi anavyokaa kizingitini bila kushika kitu mikononi, na ndivyo alivyojua kwamba anaumwa, kwa sababu mtu huyu hakuwahi kukaa bila kushika kitu. Kama angemtuma mwanamume, angeulizwa wewe ni nani, umetumwa na nani. Kama angepiga simu, hakuna ambaye angeamini sauti.

"Mwanamke mwenye mtoto mgongoni haulizwi kitu kwenye shughuli," alisema Hamisa.

Alisikia maneno yakitoka ndipo akajua ni yeye aliyesema. Mzee alimgeukia.

"Nitaingia nimwite kaka yako. Wewe utakaa nje, mbali."

Ijumaa Badru alikuwa amelala baada ya zamu. Hamisa alimwambia anakwenda Kisarawe na mzee, kuna harusi. Badru alisema kwa macho yaliyofumba kwamba harusi ni jambo jema, tangu mwezi wa tatu hajatoka.

Walifika kabla ya adhuhuri. Mzee alivaa kanzu iliyopigwa pasi, na kofia, na alitembea akitazama chini. Hatua mia kutoka nyumbani kwa shughuli kulikuwa na banda la fundi baiskeli, fundi mwenyewe alikwisha kwenda shughulini. Mzee alikaa kwenye benchi la banda, nyuma ya matairi yaliyoning'inia. Kutoka pale paa la nyumba lilionekana, na turubai la bluu, na moshi.

Hamisa aliingia uani. Ilikuwa kama alivyosema. Hakuna aliyemuuliza. Mwanamke mnene kidogo, uso umelowa jasho la moshi, alimwambia karibu mwanangu, mtoto asikae juani, akamvutia mkeka kwenye kivuli na kumpa bakuli la vitunguu saumu amenye. Wenzake walimwita mama Tatu. Hamisa alimenya punje sita. Kisha akauliza mzee Shabani yuko wapi, akaonyeshwa mtu mrefu chini ya turubai, anabishana na vijana juu ya vipaza sauti.

Alimwendea, akapiga goti kidogo, akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu kwa fundi baiskeli anamhitaji, ni juu ya ruhusa ya kuoza.

"Ruhusa gani?" alisema Shabani. "Mimi ndiye ami. Baba mtu alifariki."

"Ndiye anayekuita."

Shabani alimtazama huyu binti asiyemjua, mwenye mtoto mgongoni na harufu ya vitunguu mikononi. Hakuna kilichokuwa usoni kwa Hamisa, na pengine hilo ndilo lililomfanya amfuate.

Walipofika bandani Shabani alipitisha kichwa chini ya matairi. Alishika nguzo ya banda. Mwadhini alijaribu kipaza sauti cha msikitini, akakohoa, akaacha.

"Mwinshehe."

"Naam, kaka. Shikamoo."

Kwa shikamoo ile Shabani alikaa kwenye ndoo ya fundi, kanzu yake nyeupe ikagusa grisi, hakuona.

"Tulikusomea," alisema.

"Nimesikia. Ahsanteni."

"Tulichinja ng'ombe."

"Hilo pia nimelisikia. Watu bado wanamkumbuka."

Shabani alicheka, pumzi moja tu, halafu mdomo wake ukaharibika. Alijifuta kwa mkono wa kanzu. Aliuliza alikuwa wapi, na mzee akasema kisiwani, anapika. Aliuliza kwa nini hakuandika, na mzee akamwambia sanduku la kiwanda. Shabani alifunga macho. Alisema kiwanda kilifungwa mwezi ule ule Mwinshehe alipoondoka, na yeye mwenyewe ndiye aliyerudisha funguo za sanduku.

Hawakuendelea na hilo. Muda ulikuwa unakwenda. Mzee alisimama, akamshika kaka yake mkono wa kulia, kama wanavyoshikana wanaoozana, akasema wazi, neno kwa neno:

"Shabani, mimi Mwinshehe, nina akili zangu, nimekuwakilisha umwoze binti yangu Tatu kwa mume aliyemridhia na kwa mahari aliyoyataja."

"Nimekubali," alisema Shabani. Alimtazama Hamisa, na Hamisa akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia, ingawa hakujua kama kusikia kwake kunahesabiwa.

"Mwambie sheikh Mudathir, anayefungisha ndoa. Yeye tu, kabla hajaanza. Atajua namna ya kuyasema."

"Na Rukaya?"

"Leo anapika. Mwache apike."

"Na mtoto mwenyewe? Mwinshehe, mtoto mwenyewe anakuombea dua kila Alhamisi. Nimwambie nini?"

Mzee aliachia mkono. Alisema kwamba dua haijapotea, aendelee nayo. Siku akija kuuliza baba yake alizikwa wapi, Shabani amlete Kibaha, Kwa Mathias, aulize mpishi. Asipouliza, basi.

Shabani alitaka kusema kitu kingine. Waliita jina lake kutoka kwenye turubai, mara mbili. Aliondoka akitembea upande upande, kama mtu aliyeshuka kwenye boti, na doa la grisi nyuma ya kanzu.

Waliobaki walikaa kwenye benchi. Doto aliamka, Hamisa akamshusha akamnyonyesha. Wanaume walitoka msikitini kwa makundi, wakapita mbele ya banda bila kutazama ndani. Kutoka nyumbani kipaza sauti kilianza kunguruma, kikanyamaza, kikaja sauti ya mzee wa makamo inayosoma. Halafu sauti zikashuka, kama zinavyoshuka pale mikono miwili inaposhikwa chini ya kitambaa. Mwinshehe aliinamisha kichwa. Midomo yake ilikuwa ikitembea pamoja na maneno asiyoweza kuyasikia. Kisha vigelegele vikatoka uani, virefu, wanawake wengi kwa pamoja, na Hamisa alisikia kitu kidogo kikichoma nyayoni, kama mguu unapoanza kutoka ganzi, hakipendezi. Alimkumbatia mtoto zaidi.

"Imekwisha," alisema mzee.

"Imekwisha. Hongera, mzee."

"Ahsante."

Hakuinuka. Hamisa alidhani sasa wataondoka, akaanza kufunga mbeleko. Mzee alikuwa akitazama paa la nyumba.

"Mama Doto."

"Abee."

"Sasa watamtoa nje, watamkalisha kwa wanawake wenzake. Mimi siwezi kufika hapo. Nenda ukakae karibu naye, hata mpaka alasiri, mimi nipo hapa. Usiniletee habari kwamba ni mzuri, hiyo watasema wote. Mwangalie akishika kitu anashika kwa mkono upi. Akicheka anafunika mdomo au anauacha. Akichoka anaegemea wapi. Mwangalie vizuri, mwanangu, halafu uje uniambie, taratibu, bila kuacha kitu."